Mwongozo Kamili wa Kupanga Harusi Moshi na Arusha Wakati Mvua Haitabiriki

Katika vikao vya harusi vya Moshi na Arusha, chakula hujadiliwa hadi usiku, mapambo hula kikao kizima, na mvua hupewa dakika mbili za mwisho: "Tumwombe Mungu tu, siku hiyo isinyeshe." Kuomba ni jambo jema. Ila mvua inataka pia vitu vitatu kutoka kwa kamati: mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, fedha iliyowekwa pembeni, na saa iliyoandikwa ambayo uamuzi utafanyika. Kamati yenye vitatu hivyo hufanya harusi nzuri hata mvua ikishinda kutwa. Isiyo navyo hubishana getini huku mapambo yakilowa na wageni wakiwa wamesimama.

Anza na kalenda kabla ya kuulizia ukumbi

Misimu yetu inajulikana. Masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yenye maji hasa. Juni hadi Agosti ni kipupwe: mvua ni chache, lakini mawingu hukaa na baridi huuma, zaidi Arusha, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Vuli huanza Oktoba hadi Desemba, na hiyo ndiyo isiyoaminika. Mwaka mmoja hupita kavu, mwaka mwingine hufurika, kama ilivyokuwa mwaka 2019 na tena 2023. Januari na Februari jua ni kali, na Moshi mjini joto la mchana huvuka nyuzi 30 bila taabu.

Kwa hesabu hiyo mtu atasema tufunge Septemba au Februari, yaishe. Shida ni kwamba kalenda ya ibada nayo ina neno. Parokia na sharika nyingi hazifungishi ndoa wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi husubiri Ramadhani iishe. Chukua mwaka 2027: Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo ni 3 Aprili, kisha 10, 17 na 24, zote katikati ya masika. Mwaka 2028 Pasaka ni 16 Aprili, na hali ni ileile. Ndiyo maana foleni ya harusi zilizosubiri Pasaka huangukia kwenye wiki zenye mvua nyingi kuliko zote. Desemba nayo Wachaga wanarudi nyumbani, kila ukoo una harusi au kipaimara, na vuli huenda bado haijamaliza kazi yake.

Ukiuliza maoni yangu: kama ndugu wengi wako mjini hapahapa, tafuta Septemba, au Januari na mwanzo wa Februari kabla ya Majivu. Septemba hoteli na magari bado yako kwenye msimu wa watalii, kwa hiyo wahi kuweka nafasi. Kama ndugu wanatoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi na hawawezi kuja ila Desemba au baada ya Pasaka, ichukue tarehe hiyo bila majuto, lakini toka siku ya kwanza panga harusi ya mvua. Jua likiwaka, mtafurahi zaidi.

Kumbuka pia kwamba tarehe ikishatangazwa si rahisi kuisogeza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na makanisani matangazo husomwa Jumapili tatu. Unachoweza kusogeza ni saa, mahali pa sherehe na mpangilio wa matukio. Nguvu zote za maandalizi ziende huko.

Jua mlima unavyogawa mvua

Huku kwetu kilomita kumi zinatosha kukutoa kwenye hali moja ya hewa hadi nyingine. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, yaani Machame, Kibosho, Uru, Marangu, hupata mvua nyingi kuliko Moshi mjini, na ukishuka Boma Ng'ombe au kwenye mashamba ya miwa ya TPC unakuta pakavu. Upande wa Arusha, Ilboru, Sekei na Tengeru ziko kwenye mteremko wa Meru wenye unyevunyevu, wakati Kisongo ni pakavu na adui yake mkubwa ni upepo wenye vumbi. Joto nalo hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mgeni aliyevaa nguo ya mikono mifupi Pasua atatetemeka Marangu jioni ileile.

Programu ya hali ya hewa kwenye simu haioni tofauti hizo vizuri. Ukiandika "Moshi" itakupa jibu la eneo pana, na ndani ya eneo hilo kuna migomba inayodondosha maji na mashamba ya vumbi. Watu wa mahali penyewe wanajua zaidi. Nenda ukamsalimie mlinzi wa ukumbi, mwenyekiti wa kitongoji, mama mwenye duka jirani, na uwaulize mambo matatu: mvua ya hapa huja na upepo wa upande gani, maji yakizidi hupita wapi, na gari dogo linafika hapa mvua ikinyesha siku mbili mfululizo? Majibu yao yaandike. Yataamua hema litazame wapi, jiko likae wapi na magari yaegeshwe wapi.

Mpe mtu mmoja kazi ya mvua

Asiwe mwenyekiti, asiwe mzazi, wala wasiwe maharusi wenyewe. Siku hiyo wote watakuwa na mambo yao. Mchague mtu mtulivu kutoka kamati ndogo ya ukumbi, asiyeona haya kupiga simu saa kumi na moja alfajiri. Kazi yake ni kufuatilia utabiri, kukagua hema, na kusema "tunahamia ndani" au "tunabaki".

Hapa kuna jambo la heshima ambalo kamati nyingi hulisahau. Kijana hawezi kumwambia baba mkubwa wa bwana harusi ainuke kwenye kiti chake eti mvua inakuja, kama hakuna aliyemtuma. Kwa hiyo mwenyekiti aseme kwenye kikao, mbele ya wawakilishi wa pande zote mbili: "Wazee wetu, suala la mvua tumemkabidhi fulani, na akisema tuhame, tunahama." Katibu aliandike kwenye muhtasari. Sentensi hiyo moja itawaokoa siku yenyewe.

Kisha fungu la fedha. Napendekeza asilimia 10 ya bajeti, na itoke kwenye michango ya taslimu ya mwanzo. Ahadi hazifai kwa kazi hii, kwa sababu ahadi nyingi hukamilika wiki ya mwisho au baada ya harusi, na mwenye hema akiitwa Ijumaa jioni anataka hela mkononi. Mweka hazina asiruhusu fungu hilo liguswe kuongeza maua. Litanunua au kukodi vitu visivyopendeza kwenye picha: kuta za hema, kokoto, mbao za kukanyagia, dizeli ya ziada, miavuli mikubwa, nauli za Noah za kupandisha wageni.

Wakati huohuo, mikataba. Kila mtu anayepokea kishika nafasi aulizwe na ajibu kwa maandishi: mvua ikinyesha, bei inabadilika? Kuhamisha vyombo kutoka nje kwenda ndani kunahusika kwenye malipo haya? Nikisogeza saa mbele kwa saa mbili, bado utakuwepo au una harusi nyingine? Swali la mwisho liulize hasa kwa mpiga picha, DJ na MC, kwa kuwa Aprili na Desemba wengi wao huwa na kazi mbili kwa siku. Kitu kikilowa na kuharibika, nani analipa? Usilipe yote kabla ya majibu hayo.

Kukagua ukumbi kwa macho ya mvua

Nenda siku inayonyesha, au siku inayofuata asubuhi. Tazama ukutani kama kuna michirizi ya maji, tazama dari, ingia vyooni. Choo kilicho nje ya ukumbi, kwenye njia isiyo na paa wala taa, ni tatizo kubwa kwa bibi wa miaka 80 kuliko kukosa maua mezani. Kama mmependa ukumbi huo pamoja na hilo, pangeni turubai la kufunika njia na taa mbili.

Ukumbi wenye paa la bati bila dari una shida nyingine: mvua kubwa ikipiga bati, hakuna anayesikia hotuba, hata spika ziwe kubwa namna gani. Dawa yake ni kupanga ratiba inayoweza kugeuzwa. MC awe na mambo yasiyohitaji maneno, kama chakula, muziki na kuingiza zawadi kwa ngoma, ya kuyatanguliza mvua ikizidi, na nasaha za wazazi zisubiri itulie. Wazazi waelezwe mapema ili wasidhani wamerukwa.

Ukumbi wenye bustani na nafasi ya ndani pamoja ni bora kuliko vyote, kwa sharti moja: nafasi ya ndani iwe imekodiwa kwa jina lenu siku hiyo. Ahadi ya "mvua ikija mtaingia tu" haina maana kama ndani kuna sendofu ya watu wengine. Na watu wenu wote watoshe. Kama ndani panaingia 180 na mmealika 350, hamna mpango wa pili bado.

Hema: hapa usibane matumizi

Harusi nyingi za nyumbani, vijijini hasa, husimama chini ya maturubai. Nimesimama chini ya mengi, na kosa la kawaida kuliko yote ni paa lililolala. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hema la mita 10 kwa 20 lina mita za mraba 200, kwa hiyo mvua ya milimita 10 tu, ambayo kwa masika ni ya kawaida, hudondosha lita 2,000 juu yake. Hizo ni tani mbili. Paa likiwa na mteremko mkali, maji hushuka. Likiwa limelegea, maji hutengeneza bwawa, bwawa huvuta kitambaa, na mwisho nguzo huanguka juu ya watu. Omba hema lenye kilele kirefu, kitambaa kizito kisichopitisha maji, na mafundi wawili wa kubaki hadi sherehe iishe. Maji yakianza kukusanyika, watu waliokaa chini ya sehemu hiyo waondolewe kwanza, ndipo fundi ashughulike nayo.

Ukubwa: kwa meza za duara hesabu mita za mraba 1.2 hadi 1.5 kwa kila mgeni, mbali na meza kuu, jukwaa na meza za chakula. Hema la mita 10 kwa 20 lenye meza za wageni tu litawakalisha kwa raha watu kama 130 hadi 160. Mvua ikinyesha hakuna anayekubali kukaa ukingoni, kwa hiyo anayepima kwa kubana atajikuta na wageni waliorundikana katikati.

Mahali hema mbili zinapokutana ndipo panapovuja. Dai mfereji wa turubai ufungwe kati yake, wenye mwinamo wa kupeleka maji nje, na usiweke meza yoyote chini ya mstari huo. Upande unaotoka upepo wa mvua uwe na ukuta kamili, na kuta nyingine zikunjwe juu, zishushwe ikibidi. Chimbeni mtaro mdogo kuzunguka hema, kina cha kiganja kinatosha, uelekezwe mteremkoni na mbali na jiko. Mambo ya ardhi iliyolowa yaangalieni: misumari ya hema hung'oka kirahisi kwenye tope. Palipo na sakafu ya saruji isiyopigika misumari, mapipa ya lita 200 yaliyojaa maji, kila moja likiwa na uzito wa kilo 200, hushika kamba vizuri.

Sakafu nayo. Udongo mwekundu wa mlimani huteleza vibaya, na ule mweusi wa tambarare hushika kiatu na kukibakisha. Njia ya kutoka kwenye gari hadi meza kuu iwekwe kokoto au mbao, zulia jekundu litandikwe juu yake dakika za mwisho. Zulia juu ya tope tupu ni hatari kuliko tope lenyewe.

Simamisheni hema Ijumaa, ardhi ikiwa bado kavu, hata kama anga ni jeupe. Hema lililosimama kwenye jua ni kivuli cha bure, na Februari Moshi mjini kivuli hicho kitashukuriwa na kila mtu. Wakati wa joto fungueni kuta zote, weka maji ya kunywa kila meza mapema, na geuza meza kuu ili jua la jioni lisiwapige maharusi machoni.

Kipupwe kina onyo lake, na naliweka wazi kwa sababu ni la uhai: msiingize jiko la mkaa ndani ya hema lililofungwa kuta wala chumba cha maharusi ili kupasha joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu na huua watu wakiwa wamekaa. Baridi ya Arusha ya Julai itibiwe kwa mtori au supu ya moto wageni wanapofika, chai ya tangawizi, na shuka za Kimasai zilizokunjwa kwenye kapu mlangoni. Shuka hizo hupendeza kwenye picha pia, na wazee huzipenda.

Umeme na radi

Mvua kubwa na kukatika kwa umeme huenda pamoja. Jenereta liwepo, lijaribiwe Ijumaa likiwa limebeba mzigo wote, taa, muziki na vipoza vinywaji, kwa saa nzima. Likae juu ya mbao, chini ya paa lake lenyewe, mbali na hema, na bomba la moshi lielekee nje. Viungo vya nyaya vining'inizwe, visilale chini. Mwite fundi umeme mwenye leseni akague uwekaji wa waya wa ardhi na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Vijana wa muziki huwa na haraka. Fundi huyo alipwe na kamati, asiwe chini yao.

Radi ikianza, hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, gawa kwa tatu, utapata umbali kwa kilomita. Hema halizuii radi, na nguzo zake ni za chuma. Kama ngurumo iko karibu, watu waingie kwenye jengo au kwenye magari, muziki uzimwe, na subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wasiwepo watu chini ya miti mikubwa, hata kama kivuli chake ndicho kilichopambwa.

Jikoni

Wapishi wapewe paa lao, tofauti na la wageni. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, inahitaji moto wa saa nyingi usiozimwa na manyunyu, na kuni za masika huja zimelowa, kwa hiyo zinunuliwe wiki mbili kabla na zihifadhiwe ndani. Mbege, pombe yetu ya ndizi, iwekwe mahali pakavu penye kivuli, isipigwe na maji ya paa.

Jambo la afya: ratiba ikichelewa kwa mvua, chakula nacho hukaa. Cha moto kibaki moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, juu ya moto au kwenye vyombo vya kupashia. Nyama, wali na kachumbari vikikaa bila moto wala barafu zaidi ya saa mbili visitolewe kwa wageni, na kwenye joto la Moshi la zaidi ya nyuzi 32 hesabu ni saa moja. Mpishi mkuu aambiwe saa mpya mara tu ratiba inapobadilika, kabla hata ya wageni. Keki ya krimu huyeyuka kwenye joto na ile iliyofunikwa kwa sukari hulowana kwenye unyevu. Ifike mwisho, ikae ndani.

Nguo na picha

Shela refu linaloburuta lifungwe kwa kitanzi mkononi wakati wa kutembea, na mpambe awe na khanga safi ya kulifunika ndani ya gari. Bibi harusi awe na jozi mbili za viatu, na visigino viwe vipana. Miavuli minane mikubwa ya rangi moja, nyeupe ikiwezekana, hukodiwa au kununuliwa, nayo hugeuka kuwa pambo. Mpake vipodozi aambiwe hali ya hewa, na arudi kurekebisha kabla ya kuingia ukumbini.

Kuhusu mlima: wengi hutaka Kilimanjaro nyuma yao kwenye picha, na wengi hupanga picha saa nane mchana, wakati mlima umejifunika. Kilele cha Kibo huonekana zaidi alfajiri hadi asubuhi ya mapema, na mara nyingine jioni kabla jua halijazama karibu saa kumi na mbili na nusu. Kama picha ya mlima ni ya lazima, pigeni siku nyingine alfajiri, mkiwa na nguo za harusi, bila wageni. Siku yenyewe mawingu msiyaogope. Mwanga wake ni laini na hauachi vivuli vikali usoni.

Barabara na msafara

Fupisheni msafara. Kuzunguka mji mzima na tarumbeta kwenye pikapu ni raha, lakini wapiga tarumbeta wako wazi, na Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, ambapo barabara ya Arusha na Moshi hujaa. Kama kanisa liko Machame na ukumbi Arusha, ongezeni saa nzima juu ya muda mnaodhani unatosha. Gari la maharusi la chini lipande tu mahali lami inapofika. Huko juu chukueni gari la magurudumu manne, lipambwe vilevile.

Maegesho ya nyasi hugeuka tope gari la ishirini linapopita. Vijana waelekeze magari yaegeshwe yakitazama nje, na gari moja lenye nguvu na kamba liwepo hadi mwisho.

Na maji yanayokatiza barabara yasivukwe. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kuliinua gari dogo, na 60 huyabeba magari mengi. Makorongo ya Arusha hujaa ghafla kutokana na mvua iliyonyesha juu mlimani huku mjini ni pakavu. Aprili 2024 basi la wanafunzi lilisombwa na maji Arusha na watoto walifariki. Dereva wa kosta asisukumwe na mtu yeyote kuwahi ukumbi.

Siku kumi za mwisho

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu kabla ya masika na vuli, utabiri wa kila siku, na maonyo ya hali mbaya kwa siku tano zijazo. Mwelekeo wa msimu ukisema "juu ya wastani", hauhusu Jumamosi yenu; unawaambia tu ukubwa wa fungu la mvua. Kwa siku yenyewe fuatilia maonyo. Angalizo lina rangi ya njano, tahadhari ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu.

Siku kumi kabla, mhusika wa mvua athibitishe hema, kuta, kokoto na jenereta. Siku tano kabla aanze kusoma maonyo asubuhi na jioni. Alhamisi saa kumi jioni ndiyo saa ya uamuzi wa mahali: nje, hema au ndani. Uamuzi huo haurudi nyuma kwa sababu Ijumaa asubuhi jua limetoka. Jumamosi inabaki na uamuzi mmoja mdogo, wa muda: saa mbili kabla ya sherehe, je, tunaanza kwa wakati au tunasogeza? Kukiwa na tahadhari ya chungwa au nyekundu, hamieni ndani bila kikao kingine.

Ijumaa jioni katibu atume ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp na kwa simu za kawaida, mfano huu:

"Shikamooni wazazi wetu, salaam ndugu na marafiki. Harusi ipo kesho kama ilivyopangwa. Sherehe itakuwa NDANI ya ukumbi uleule, saa kumi na mbili jioni. Barabara ya mwisho ina tope. Magari madogo yataegeshwa barabara kuu na Noah zitawapandisha bure. Mje na koti au shuka. Maswali apigiwe katibu, msiwapigie maharusi."

MC naye awe na maneno tayari: "Wazazi wetu na wageni waalikwa, tunahamia ndani kwa utaratibu. Wazee wetu na akina mama wenye watoto watatangulia, vijana tuwashike mikono. Namba za meza ni zilezile. Chakula kipo na kitaendelea." Sauti yake ikiwa tulivu, ukumbi wote utatulia. Akipaza sauti ya hofu, watu watakimbilia mlango mmoja.

Zawadi zibebwe na watu waliopangwa. Magodoro, makabati na vitenge huletwa kwa pikapu za wazi, kwa hiyo turubai dogo na chumba kikavu chenye mlinzi viandaliwe tangu asubuhi. Bahasha ziende kwa mweka hazina mwenye mfuko usiopitisha maji.

Kesho yake

Mwenye hema asikunje kitambaa kilicholowa kabla ya kukaguliwa na pande zote mbili, maana madai ya uharibifu huanzia hapo. Shela lioshwe mapema. Tope jekundu likishakauka hutoka kwa shida. Mapambo ya kukodi yahesabiwe yakiwa yameanikwa. Salio la fungu la mvua lisomwe kwenye kikao cha kuvunja kamati pamoja na matumizi yake yote, kisha lililobaki wakabidhiwe maharusi, waanzie maisha.